Arudi kwao wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa Same kwa shangazi. Jioni mtoto wa jirani, darasa la nne, karudi kutoka shule analia. Wenzake wamemwambia arudi kwao Burundi! Kisa, eti babu yake aliletwa kuwa manamba wa mkonge. Huyo babu kazikwa Ndungu, baba mtu kazaliwa huko huko, na mtoto mwenyewe Chasu anakiporomosha kuliko mimi. Sasa arudi wapi?

Mama yake alitaka kwenda kuwacharaza hao watoto. Shangazi, mwalimu mstaafu, akamzuia. "Maneno hayo hawayatungi wao, wanayasikia majumbani." Akawaita wote barazani, akawapakulia makande, akaanza kuwasimulia habari za Mama Barbro Johansson.

Mama huyu alizaliwa Sweden mwaka 1912, akaingia Bukoba 1946. Kule Kashasha akaendesha shule ya wasichana, enzi ambazo akina baba wengi waliona kumsomesha binti ni kumwaga maji mchangani. Mwaka 1959 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, akiwa upande wa TANU. Uhuru ulipokuja akachukua uraia wa huku, akawa mbunge, baadaye mkuu wa shule ya wasichana Tabora. Alifariki 1999, na leo kuna sekondari ya wasichana yenye jina lake, Luguruni, Dar es Salaam.

Katoto kamoja kakadakia, "Kwa hiyo naye alikuwa wa kuja?"

"Ndiyo."

"Mbona hakuambiwa arudi kwao?"

Mh! Wewe msomaji ungejibuje? Mzungu wa kuja tunamwita Mama, mjukuu wa manamba tunamfukuza. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akawaeleza hao manamba ni nani: watu waliotolewa mbali, Burundi, Msumbiji, hata Songea, wakapewa namba, wakakata mkonge juani kwa ujira wa kijungu jiko. Wakati wa uhuru mkonge ndio ulikuwa ukiongoza kuiletea nchi fedha za kigeni.

"Na nyie mababu zenu walitoka wapi?" Kimya. Akawaambia koo nyingi za Upareni husimulia kuwa zilitoka Taita, ambako leo ni Kenya. (Ndugu zangu Wapare, msinifungulie kesi, shangazi ndiye kasema!)

"Kumbe mimi Mkenya?" mmoja akaropoka, baraza zima likaangua kicheko. Msamaha hakuna aliyeomba. Ila mpira ulipoanza niliwasikia wakigombania yule mjukuu wa manamba achezee upande gani.