Saa 750 zisizo mtandaoni

Manesi wengi kutoka Kenya na Tanzania wanaofanya kazi Marekani hufika mahali ambapo wodi imeshazoeleka, leseni ipo, na mawazo yanahamia kwenye shahada ya uzamili. Wengi hulenga kuwa wauguzi watabibu wa familia, yaani wauguzi wanaochunguza mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa wenyewe. Matangazo ya vyuo husema masomo yote ni ya mtandaoni. Si yote.

Nadharia, kweli, utaisomea sebuleni. Famakolojia na pathofiziolojia zina mihadhara iliyorekodiwa, na kazi huwasilishwa kila wiki. Mwenye zamu tatu za saa 12 anaweza kuzipangia muda, mradi asijidanganye kwamba ataelewa jinsi figo zinavyochuja dawa saa mbili asubuhi, ametoka zamu ya usiku. Alale kwanza.

Shughuli iko kwenye mazoezi. Viwango vya kitaifa vya 2022 vinadai saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Awali zilikuwa 500. Piga hesabu: ukienda siku moja ya saa 8 kwa wiki, utamaliza baada ya wiki 94. Ukienda siku mbili, ni karibu mwaka mzima, bila malipo, juu ya zamu zako. Zahanati nyingi za familia hufanya kazi mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo anayetaka kubaki na mshahara kamili mara nyingi hukimbilia zamu za mwisho wa wiki. Saa unazolipwa wodini kama nesi kwa kawaida hazihesabiwi.

Tena lazima awepo msimamizi mwenye leseni, daktari au muuguzi mtabibu, anayekubali kukufundisha huku foleni ya wagonjwa ikimngoja. Wengi hawalipwi chochote kwa kazi hiyo. Vyuo vingine humtafutia mwanafunzi msimamizi. Vingine humwachia mzigo mwenyewe, naye akaanza kubisha hodi zahanati moja baada ya nyingine, au akalipa madalali. Akishapatikana, chuo na zahanati huwekeana mkataba, na karatasi hizo zinaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana nikiulizwa chuo kipi kizuri, nami huuliza: nani anatafuta msimamizi? Ada tutaizungumza baadaye.

Jimbo nalo lina neno lake. Chuo lazima kiwe na kibali cha kufundisha wakazi wa jimbo lako, na ukihama katikati ya masomo unaweza kukwama. Ile leseni ya unesi inayotambuliwa na majimbo mengi haikufuati hadi ngazi hii. Texas, muuguzi mtabibu huandika dawa kwa makubaliano ya maandishi na daktari. Jimbo la Washington halimdai hayo.

Sasa ada. Kabla ya kukopa, nenda ofisi ya rasilimali watu hapo kazini. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kukatwa kodi, na hospitali nyingi kubwa zina mpango huo. Soma tu sharti la kubaki kazini baada ya kulipiwa: mara nyingi anayeondoka kabla ya muda hudaiwa azirudishe.