Je, Wajua? Namba Zenye Mwenyewe Mmoja

Je, wajua kwamba kila kazi kwenye programu ya Microsoft Project ina namba mbili? Ya kwanza hueleza kazi iko mstari wa ngapi. Ukichomeka kazi mpya juu yake, namba hubadilika. Ya pili ni kitambulisho cha kipekee. Hutolewa kazi inapoandikwa, na haibadiliki hata ukiihamisha kazi hiyo kutoka kichwa cha orodha hadi mkiani. Anayeunganisha ratiba na programu ya fedha kwa namba ya mstari asishangae bajeti ya msingi wa nyumba ikiangukia kwenye kupaka rangi.

Je, wajua kwamba Primavera P6, programu inayopendwa na wahandisi wa miradi mikubwa, haizipi kazi namba za moja-moja? Usipoiagiza vingine, huanza na A1000, kisha A1010, kisha A1020. Mapengo hayo ni ya kazi ambazo mhandisi atazikumbuka baadaye.

Je, wajua kwamba Jira, programu ya kufuatilia kazi, hairithishi namba? Ukifuta kazi namba 57, inayofuata haipewi 57. Pengo hubaki, na ni afadhali libaki: barua pepe na ripoti za zamani bado zinaitaja kazi ile ile iliyofutwa.

Je, wajua kwamba kompyuta mbili zisizowasiliana zinaweza kutoa vitambulisho bila hofu ya kugongana? Hutumia UUID, mfuatano wa herufi na tarakimu 32 uliogawanywa kwa vistari 4. Toleo lake la nne huchaguliwa kwa nasibu, na idadi ya vitambulisho vinavyowezekana inazidi 5 ikifuatwa na sifuri 36.

Je, wajua kwamba toleo la kwanza la UUID huhesabu muda kuanzia tarehe 15 Oktoba 1582, siku kalenda ya Gregori ilipoanza kutumika? Kila sekunde hukatwa vipande milioni 10. Toleo hilo pia huweza kubeba anwani ya kadi ya mtandao ya kompyuta, hivyo kitambulisho kikafichua mashine iliyokitoa.

Je, wajua kwamba namba zinaweza kwisha? Novemba 2006, maoni ya wasomaji wa tovuti ya Slashdot yalivuka milioni 16.7, kikomo cha namba ya biti 24. Majibu mapya yakashindwa kuunganishwa na maoni yaliyokuwa yakijibiwa.

Je, wajua kwamba namba zinazofuatana huvujisha siri? Katika Vita Kuu ya Pili, wanatakwimu wa Washirika walichunguza namba zilizogongwa kwenye vifaru vya Wajerumani vilivyotekwa. Kwa Agosti 1942 wakakadiria kwamba vilitengenezwa vifaru 327. Majasusi walisema 1,550. Kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita, zilionyesha 342. Kwa hesabu hiyohiyo, ankara zako zinazofuatana humweleza mshindani unauza kiasi gani.

Je, wajua kwamba Git, programu ya kutunza matoleo ya faili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hukokotoa kitambulisho kutokana na yaliyomo? Badili nukta moja tu, na herufi na tarakimu zote 40 hukokotolewa upya. Lakini Februari 2017, watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha faili mbili tofauti zenye jibu moja la SHA-1, kanuni iliyotumiwa na Git tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba tarakimu ya mwisho ya IMEI, namba ya utambulisho ya simu yako, ni mlinzi tu? Bonyeza *#06# uone tarakimu 15. Ile ya 15 hukokotolewa kutokana na 14 zilizotangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM. Ukikosea tarakimu moja, hesabu hukataa. Kadi za benki hutumia kanuni hiyohiyo.

Je, wajua kwamba Excel iliwalazimisha wanasayansi kubadili majina ya jeni? Jeni MARCH1 ilikuwa ikigeuzwa kuwa tarehe ya mwezi Machi. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikatangaza kwamba sasa itaitwa MARCHF1.

Na je, wajua kwamba Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, huku namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ikiwa na tarakimu 20? Iandike bila vistari kwenye safu ya kawaida, na tano za mwisho zitageuka sifuri. Nane za mwanzo, ambazo ni tarehe ya kuzaliwa, zitabaki, kwa hiyo watu waliozaliwa siku moja wanaweza kuonekana kama mtu mmoja. Kabla hujaingiza orodha ya wanachama au wafanyakazi, weka safu hiyo kuwa ya maandishi. Tarakimu zikishapotea, Excel haiwezi kuzirudisha.