Ukifumba Macho, Unaniona?

Hebu vuta picha. Si ndivyo tunavyosema kila siku? "Vuta picha, bosi kakuita ofisini halafu kafunga mlango..." Nina miaka thelathini na kitu, digrii yangu ya mawasiliano iko ukutani, na maneno hayo nimeyaandika kwenye kurasa hizi mara nyingi mno. Siku zote nilidhani ni usemi tu, kama "kula kiapo", ambapo hakuna anayetafuna kitu. Kumbe wenzangu mnavuta picha kweli! Mimi nikifumba macho naona giza. Basi.

Niliyajua haya Mkumbi, huko Mbinga, nilipokwenda kwenye misa ya arobaini ya mama yangu mkubwa. Kwa asiyepajua: ukitoka Songea unakula lami mpaka Mbinga mjini, halafu unaingia milimani, kahawa kushoto, kahawa kulia, na baridi ya mwezi wa sita inayokufanya uikumbuke kila nguo nzito uliyoiacha Dar. Usiku tulikaa jikoni tunaota moto, watoto wa mama wakubwa na wadogo, tumejazana. Dada yangu, binti yake wa kwanza, akasema, "Mimi nikifumba macho namwona kabisa. Kajifunga kile kitenge chake cha bluu, anachambua kahawa kwenye kichanja." Mwingine akadakia, "Mimi naona mpaka lile pengo la jino." Ikawa kama wanapokezana albamu ya picha. Zamu yangu ikafika.

"Na wewe, unamwona?"

Nikafumba macho. Giza. Nikasema kweli, "Namkumbuka, lakini simwoni."

Jikoni pakawa kimya. Mama mkubwa ndiye aliyenilea miaka minne nikiwa mdogo, kila mtu pale anajua. Dada akachochea moto, akasema bila kunitazama, "Mjini kumekuharibu." Msomaji wangu, sikulala usiku ule.

Ajabu ni kwamba ninamjua. Najua pengo lilikuwa upande gani, najua alivyokuwa akikohoa kabla ya kucheka, ningemtambua kati ya watu elfu moja. Ila picha haiji. Na si yeye tu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa Nairobi kwa mafunzo ya miezi mitatu, mume wangu akaniuliza kwenye simu, kwa sauti ile ya usiku, "Ukifumba macho, unaniona?" Nikajibu, "Hapana." Alininunia wiki nzima! Nilidhani ni utani umegoma.

Kumbe lina jina

Nilirudi Dar na swali moja, na safari hii nililisoma kama mtu anayetafuta dawa. Kumbe lilianza kuulizwa zamani. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu wafikirie meza waliyonywea chai asubuhi hiyo, kisha waseme picha inayowajia ina mwanga kiasi gani, ina rangi au haina. Wapo waliosema wanaiona kama iko mbele yao. Na wapo, tena wasomi wakubwa, waliomshangaa: picha gani tena unayoizungumzia? Walidhani ni usemi tu. Nilitamani kuwapa mkono.

Baada ya hapo mambo yakapoa mpaka mwaka 2015, ambapo Profesa Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake waliipa hali hii jina: afantazia, yaani kutokuwa na picha akilini. Inakadiriwa kati ya watu 100, mmoja hadi wanne wako hivyo. Si ugonjwa. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni iliyowatengenezea watoto wetu zile katuni wanazoziangalia mpaka tunazikariri, naye haoni kitu akifumba macho. Wapo pia wa upande wa pili, wenye picha kali kama televisheni mpya.

Utasema, nani anajua kama mtu hajisingizii tu? Hata mimi nilijiuliza. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walitoa jibu zuri. Mtu wa kawaida akifikiria kitu chenye mwanga mkali, mboni za macho yake husinyaa kidogo, kana kwamba mwanga upo kweli. Za mtu mwenye afantazia hazifanyi hivyo. Jicho halidanganyi.

Kuna kipimo cha maswali 16 alichokitunga mwanasaikolojia David Marks mwaka 1973. Unaambiwa umfikirie ndugu au rafiki unayemwona mara kwa mara, halafu jua linachomoza, halafu duka, halafu mandhari ya shambani yenye milima na ziwa. Milima na ziwa! Nilikuwa nimetoka huko, nimepita mpaka Mbamba Bay nikala mbasa, nimekaa mchangani saa nzima nikilitazama Ziwa Nyasa. Nikafumba macho. Najua maji yalikuwa mengi na milima ilikuwa nyuma yangu. Picha? Hakuna. Nikapata alama za chini kabisa.

Mume wangu naye akafanya. Karibu ajaze zote.

Hapo ndipo mazungumzo yetu ya ndoa yalipobadilika, na naomba nikae hapa kidogo. Nilimuuliza, "Kwa hiyo nikichelewa kurudi, wewe unaona nini?" Akasita. Mwanaume akisita hivyo, shosti, usimsaidie kujibu, subiri. Akasema, "Naona. Naona gari limepinduka. Siku nyingine naona uko na mtu, mmekaa, naona mpaka shati lake." Miaka sita ya ndoa nilikuwa nachukulia ule wivu wake ni kutoniamini. Kumbe jamaa anaonyeshwa sinema asiyoiomba! Mimi nikiwa na wasiwasi nina sentensi tu kichwani, "huenda kachelewa kwenye foleni," na sentensi unaweza kubishana nayo. Watafiti Emily Holmes na Andrew Mathews walionyesha mwaka 2005 kwamba watu walioambiwa wajenge picha ya tukio baya walipata wasiwasi zaidi kuliko walioambiwa wafikirie maana yake kwa maneno tu. Picha inaingia moyoni moja kwa moja, haipigi hodi.

Simtetei. Wivu ni wivu, na kupekua simu ya mwenzio hakuna picha inayokuhalalishia. Lakini siku hizi nikichelewa natuma ujumbe wenye vitu vya kuona: "Niko Ubungo, foleni haisogei, nimekaa dirishani." Anasema ile sinema inakatika. Naye ameacha kuniuliza kama ninamwona. Ananiuliza kama ninamkumbuka, na hilo nalijibu bila kufikiri.

Joho ukutani

Nilirudi na mtu kutoka Mkumbi, kitinda mimba wa mama mkubwa, anayerudia mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kahawa ya mama yake ndiyo iliyomsomesha mara ya kwanza, na mara ya pili hakuna mama. Dogo alishamsikiliza mhamasishaji mmoja aliyewaambia vijana wafumbe macho, wajione wameshafaulu. Akabandika ukutani picha ya mtu kavaa joho la chuo. Kila asubuhi anaitazama dakika kumi. Kitabu cha hesabu kiko chini ya kitanda.

Sasa hapa sayansi ina neno. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walifanya jaribio na wanafunzi waliokaribia mtihani. Kundi moja lilijiona limeshapata alama nzuri, linafurahia. Lingine lilijiona likisoma: limekaa wapi, limefungua nini, linarudia vipi. Waliojiona wakisoma walisoma zaidi na wakapata alama nzuri zaidi. Waliojiona wamefaulu tu walisoma saa chache. Mwili ulishasherehekea, ukaagane na usingizi kwa ajili gani?

(Na wewe dada unayelala na picha ya yule kaka wa ghorofa ya tatu, mmeshaoana kichwani na mtoto wa kwanza ameshaanza chekechea: mwaka 2002 Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wanafunzi waliompenda mtu kimyakimya. Wenye ndoto tamu zaidi walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kumpata. Msalimie tu.)

Isieleweke kwamba picha haifanyi kazi. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwafundisha watu zoezi la kinanda la vidole vitano, saa mbili kwa siku, siku tano. Wengine walicheza kweli, wengine walikaa mbele ya kinanda wakijiona wanacheza bila kukigusa. Waliofikiria tu hawakufikia ustadi wa waliocheza, lakini ubongo wao ulibadilika kwa namna inayofanana, na walipopewa saa mbili za kugusa kinanda waliwakaribia wenzao. Siri ni kwamba walifikiria vidole, hawakufikiria makofi.

Hata Mkumbi nililiona hilo kabla sijajua kwamba lina watafiti. Asubuhi ya kuondoka nilipita na dada pembeni ya ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoupanga mlima mzima kama sega la nyuki ili mvua isibebe udongo. Haukuwa msimu wa kuchimba, maharage yalikuwa yanasubiri kung'olewa. Nikamuuliza, bila kamba na bila futi, mnajuaje shimo linakaa wapi? Alinishangaa. "Naliona kabla sijachimba."

Basi dogo nimemwambia joho libaki, ni ukuta wake, ila asubuhi ajione yuko mezani, simu iko chumbani kwangu, daftari la hesabu liko wazi, swali la tatu limemkwamisha na anarudi mwanzo. Amenicheka, "Dada, wewe mwenyewe huoni kitu, unanifundishaje?" Nimemjibu mimi nalisema kwa maneno. Sasa anasoma saa mbili kila usiku. Mtihani wenyewe unamsubiri.

Wengi wenye afantazia huota ndoto zenye picha kama watu wengine. Njia ya usingizini ni nyingine. Wiki iliyopita niliota niko Mkumbi, na mama mkubwa yuko mlangoni ananitazama. Uso wote. Nilipofungua macho ulishaondoka, lakini nilikuwa nimeuona. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nikampigia dada.

"Kulikoni?"

"Nimemwona mama."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuni zinadondoshwa.

"Kavaa nini?"

"Kile kitenge cha bluu."

"Haya," akasema. "Ngoja niweke chai, unieleze vizuri."