Kisangani: Nyumba za diski zilizozaa rumba ya Kongo ziliishia wapi?

Mwaka 1948, mwimbaji Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi wimbo « Marie-Louise » mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wimbo ulivuma sana, hata watu wakaanza kusema kwamba ukipigwa usiku wa manane unaweza kufufua wafu. Wamisionari hawakucheka. Wendo alitengwa na Kanisa Katoliki, na viongozi wa kikoloni wakamfunga kwa muda mfupi Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani.

Jina la Wendo, ambaye kati ya 1941 na 1946 alikuwa fundi wa mashini kwenye meli za mto Kongo, bado linajulikana. Lililosahauliwa na wengi ni jina lililoandikwa katikati ya diski yake: Ngoma. Ngoma ilikuwa moja ya nyumba za diski zilizobeba rumba kutoka Kinshasa hadi kwenye maduka na baa za Kongo nzima. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini nyumba zilizoirekodi zilikuwa zimekufa zamani, zote.

Wafanyabiashara waliogeuka watengenezaji wa muziki

Mwanzo wa habari unagusa Uingereza. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya Gramophone ya huko iliuza katika Afrika diski zenye alama ya GV, nyingi zikiwa na muziki wa Cuba. Wakongomani walizipenda mara moja, kwa sababu walisikia ndani yake mapigo waliyoyajua. Wafanyabiashara wa Léopoldville waliona: kama watu wananunua sauti ya Cuba, watanunua pia sauti yao wenyewe.

Mgiriki Nico Jeronimidis alifungua Ngoma mwaka 1948. Familia ya Benatar ikafuata na Opika, ambako Joseph Kabasele na kundi lake African Jazz walirekodi. Mgiriki mwingine, Basile Papadimitriou, alianzisha Loningisa mwaka 1950. Huko ndiko kijana Franco alianza kurekodi mwaka 1953, na huko ndiko OK Jazz ilizaliwa mwaka 1956. Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa mwenyewe, alianzisha CEFA, na anakumbukwa kwa kuleta gitaa la umeme Léopoldville. Mwaka 1957 Dino Antonopoulos akafungua Esengo.

Kazi ilikwenda hivi: mwenye nyumba alitoa studio, mara nyingi na vyombo vya muziki pia, na mwanamuziki alitoa wimbo. Sauti ilipelekwa Ulaya ili diski zitengenezwe kiwandani, kisha zikarudi kwa meli. Kila upande ulibeba kama dakika tatu tu. Diski yenyewe ilikuwa nzito, na ikianguka sakafuni ilivunjika kama sahani. Mahali pasipo umeme, watu walizungusha mkono wa gramafoni na kukaza springi yake. Kampuni ya Garrard, katika mji wa Swindon, Uingereza, ilikuwa ikitengeneza mota za namna hiyo.

Namna zilivyokufa

Kwanza wanamuziki walianza kujitegemea. Januari 1960, Kabasele na wenzake walikwenda Brussels wakati wa Meza ya Mviringo, ambako uhuru wa Kongo ulijadiliwa. Huko ndiko « Indépendance Cha Cha » ilirekodiwa. Mwaka huohuo Kabasele alianzisha alama yake mwenyewe, Surboum African Jazz, akishirikiana na kampuni ya Fonior ya Ubelgiji. Mwimbaji hakuhitaji tena kumngojea mwenye duka.

Kisha vurugu za baada ya uhuru zilifukuza mitaji. Opika na CEFA zilikuwa zimeshafunga kazi kabla ya 1960. Loningisa na Esengo zilizimika mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960. Ngoma, iliyokuwa ya kwanza kati yao, ilijikokota hadi 1971.

Kiwanda cha diski cha Kinshasa nacho kilikuwa na maisha yake. Baada ya Mobutu kutangaza zairianisation tarehe 30 Novemba 1973, mali za wageni ziligawiwa Wazaire, na kiwanda hicho, kilichoitwa Mazadis, kiliwekwa mikononi mwa Franco. Lakini nchi ilikuwa inakosa fedha za kigeni za kununulia malighafi na vipuri. Saksofoni maarufu wa wakati huo, Verckys, alijenga Vévé Centre mwaka 1978, lakini kaseti zilizonakiliwa bila ruhusa zilikuwa tayari zimejaa sokoni. Kule Ubelgiji, Fonior ilifilisika mwaka 1980.

Kwa wasanii wa Kisangani, hali hiyo ilimaanisha safari ndefu. Abeti Masikini, aliyezaliwa hapa mwaka 1954, alitoa diski yake kubwa ya kwanza Paris mwaka 1973. Koffi Olomide, aliyezaliwa hapa mwaka 1956, naye alipata jina mbali na mji wake.

Jina linabaki, ao kazi inabaki?

Si Kongo peke yake iliyozika makampuni ya sauti. Garrard iliuzwa kwa kampuni ya Brazil mwaka 1979. Leak, iliyoanzishwa na Harold Leak mwaka 1934 na kusifiwa kwa vikuza sauti vyake, iliuzwa mwaka 1969. Leo jina la Leak, pamoja na majina ya Wharfedale na Quad, ni mali ya kampuni moja yenye makao China. Viwanda vya zamani vilifungwa, lakini jina lilibaki na thamani, likaendelea kuuzwa.

Kongo mambo yalikuwa kinyume. Majina Opika na Loningisa hayauzi kitu tena, lakini nyimbo zao zinapigwa kila siku kwenye redio na simu. Hapo ndipo swali la fedha linapoingia. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wendo alifariki tarehe 28 Julai 2008. Kwa hesabu hiyo, haki za familia yake zinaendelea hadi mwisho wa 2058. Lakini ili kudai, familia lazima ionyeshe nani alitunga, lini, na kwa nyumba gani. Nyumba ikifa na karatasi zake zikapotea, ushahidi unaobaki mara nyingi ni diski yenyewe.

Sehemu ya kazi ya Ngoma iliokolewa na Günter Gretz wa Frankfurt, Ujerumani, aliyeitoa tena kwenye CD miaka ya 1990. Nyimbo ambazo Hugh Tracey alirekodi Kongo mwaka 1952, zikiwemo za Jean Bosco Mwenda wa Jadotville (Likasi ya leo) na za watu wa msitu wa Ituri, zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Zimedumu kwa sababu zilipata mahali pa kukaa.

Kisangani imepita 1964, na vita ya siku sita ya Juni 2000, ambapo nyumba nyingi ziliharibiwa pamoja na vilivyokuwa ndani. Mwenye diski za wazee nyumbani anaweza kufanya mambo machache yasiyo na gharama: azisimamishe wima, asizilaze moja juu ya nyingine, aziweke mbali na jua na unyevu, asisafishe zile nzito za zamani kwa alkoholi, kwa maana inayeyusha utomvu uliotumiwa kuzitengeneza. Tena, kabla ya kunakili sauti, aandike kila kitu kilicho kwenye karatasi ya katikati: jina la mwimbaji, jina la mtunzi, alama ya nyumba na namba ya diski. Siku familia ya mtunzi itakapodai haki yake, namba hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko wimbo wenyewe.