Sumu Katika Chupa ya Soda

Sinki la jikoni linapoziba, wengi wetu hukimbilia dawa ya kuzibulia mabomba. Mara nyingi dawa hiyo ni kostiki soda, ambayo huyageuza mafuta yaliyoganda bombani kuwa kama sabuni, kisha maji yakapita. Lakini ukali huo huo hufanya kazi katika koo la mtoto aliyeionja. Nyama laini ya umio huungua, na kovu linalobaki huweza kuiziba njia ya chakula.

Nchini Marekani, Dakta Chevalier Jackson wa Philadelphia aliwatibu watoto wengi wa namna hiyo, wengine wakiwa hawawezi kumeza hata maji. Siku hizo makopo ya kostiki soda yaliuzwa bila onyo la kutosha. Daktari huyo hakuridhika na kutibu tu. Aliwahimiza wabunge kwa miaka mingi, hata mwaka 1927 ikapitishwa sheria ya nchi nzima: neno “Sumu” liandikwe kwenye chombo, pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza. Katika miaka ya 1970 ikaongezwa kanuni kwamba dawa ya maji ya kuzibulia mabomba, yenye asilimia 10 au zaidi ya kemikali hiyo, isiuzwe kwa matumizi ya nyumbani bila kifuniko kinachomshinda mtoto mdogo kukifungua.

Hapa Tanzania tunayo Sheria Na. 3 ya mwaka 2003, inayodhibiti kemikali za viwandani na za majumbani, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Hata hivyo, onyo na kifuniko hubaki kwenye chombo cha kiwandani. Tukiimimina dawa hiyo katika chupa ya soda ili tugawane na jirani, ulinzi wote umekwisha. Mtoto hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua.

Basi, mzazi mwenzangu, usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya kinywaji, wala usiihamishe kutoka chombo chake. Ifungie mahali pa juu. Ajali ikitokea, usimlazimishe mtoto kutapika, kwa maana kilichounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Msafishe kinywa kwa maji, umwahishe hospitali, na ukichukue chombo chenyewe ili daktari akione.