Springi za nyuma za MGB: Bolti zisikazwe gari likiwa limening'inia

WAMILIKI wa MGB, gari dogo la spoti lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kati ya mwaka 1962 na 1980, hawawezi kuikwepa kazi ya kubadilisha springi za nyuma. Magari zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani humo, na hata lile la mwisho limekwisha kuvuka umri wa miaka 40.

Dalili za uchovu huonekana kwa macho. Gari huinama upande mmoja au hulala nyuma, na kila shimo la barabara huitikiwa kwa kishindo cha chuma.

Springi hizo si ngeni kwa fundi wa Afrika Mashariki. Ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama yale ya malori na pikapu nyingi. Hubeba uzito, lakini pia ndizo zinazoishikilia ekseli mahali pake. MGB haina mikono mingine ya kuizuia isisogee mbele au nyuma. Bamba kuu likikatika, au bolti zikilegea, ekseli hukaa upande na usukani hautiiwi tena ipasavyo.

Matatizo mengi huanzia katika ununuzi. Toleo la GT, lililoanza mwaka 1965, lina paa la chuma na nyuma yake ni nzito kuliko ya gari la wazi, hivyo springi zake ni ngumu zaidi. Aidha, mwishoni mwa mwaka 1974 bodi iliinuliwa ili kukidhi sheria za Marekani, na springi za baada ya hapo hazifanani na za awali. Anayefunga zisizolingana na toleo lake atapata gari lililobinuka nyuma. Springi hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Mpya ikiwekwa kando ya kuukuu, gari litaendelea kuinama.

Kabla ya kufungua chochote, bodi huegemezwa kwenye stendi imara mbele ya mahali springi zinapoanzia, na ekseli hubebwa na jeki yake. Kutegemea jeki peke yake ni kuhatarisha maisha. Ekseli isiachwe ining'inie hadi ikauvuta mpira wa breki.

Kinachochosha zaidi ni bolti ya mbele. Kwa miaka mingi kutu huigandisha ndani ya bomba la chuma la bushi, nayo hukataa kutoka. Mafuta ya kulegeza kutu hupakwa siku kadhaa kabla, na yakishindwa, bolti hukatwa kwa msumeno. Moto wa gesi ungefanya kazi haraka, lakini tanki la petroli liko chini ya buti, hatua chache tu kutoka hapo.

Springi mpya inapopandishwa, kichwa cha bolti ya katikati sharti kiingie katika tundu lake, la sivyo ekseli itafungwa ikiwa imepinda. Bolti zenye umbo la U zinazoibana ekseli ni bora ziwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika.

Hata hivyo, kinachoharibu kazi nzuri ni haraka ya mwisho. Mpira wa bushi ya mbele hauzunguki katika tundu lake. Hujipinda kila springi inapocheza. Bolti ikikazwa magurudumu yakiwa yamening'inia, mpira hugandishwa katika hali hiyo, na gari likishushwa hubaki umejipinda daima. Gari huonekana refu, fundi akadhani springi ni mbovu, na baada ya muda mpira huchanika.

Kwa hiyo nati hufungwa kwa mkono tu, gari hushushwa, husukumwa juu na chini mara kadhaa, ndipo hukazwa kabisa likiwa limesimama kwa uzito wake. Baada ya kilomita mia chache, bolti za U hukaguliwa tena, kwani mabamba mapya hujipanga na kuziacha na ulegevu.