Serveri ikianguka, masaa yetu ya kazi yanaenda wapi?

Bandugu watumikaji, zamani poantaje ilikuwa kitabu na biki. Leo, ukipitisha karte ku mulango wa kompani, saa yako inaingia mu ordinatere kubwa yenye kuitwa serveri. Masaa ya ziada, kazi ya usiku, konje, makato ya CNSS: vyote viko mule. Siku serveri inakufa ao virusi inaifunga, mushahara wako unabaki kutegemea kopi iliyowekwa pembeni.

Tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 2019, Norsk Hydro, kompani ya Norwe yenye kutengeneza alumini, iliingiliwa na virusi yenye kufunga mafaili na kudai makuta. Ilikuwa na watumikaji karibu 35 000 mu inchi 40. Ilikataa kulipa. Mu viwanda batu walirudilia karatasi na kazi ya mikono; hata wazee wa pansio wenye kujua njia za zamani walikuja kusaidia. Kiisha mafundi wakarudisha programu na data kutoka ku kopi zao. Ilikula makuta mengi, lakini walisimama tena.

Kuko wengine kopi zao ni za jina tu. Mwezi wa 1 mwaka 2017, fundi wa GitLab, kompani ya programu, alifuta data bila kukusudi. Walikuwa na njia 5 za kulinda data; hakuna iliyotumika vizuri siku ile. Waliokolewa na kopi moja iliyofanywa masaa 6 mbele, kwa kazi ingine. Yaliyoandikwa mu masaa yale yakapotea.

Kurudisha serveri si kukopia faili moja. Ni sawa kufunga tena motere ya kamio: kuko programu yenyewe, mipango yake, data, na funguo za siri. Data ya programu mupya inaweza kukataa kufunguka mu programu ya zamani. Kwa hiyo kopi inajaribiwa kwanza ku masini ingine. Kopi isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Madelege, mu mukutano na wakubwa muulize: kopi inafanywa kila siku? Kuko moja inayokaa mbali na serveri, isiyounganishwa nayo? Mara ya mwisho waliijaribu lini? Wakijibu, iandikwe mu ripoti.

Na wewe, mama ao baba wa nyumba, usitupe fishe ya mushahara. Siku kompani itasema data imepotea, karatasi ile ndiyo kopi yako.